Nishani Mbili za Fedha

Sisi tuliokulia Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika, barafu tunaijua kwa ajili ya samaki. Huletwa sokoni alfajiri kwa mapande makubwa yaliyofunikwa magunia. Wachuuzi huivunja kwa nyundo na kuipanga juu ya mikebuka ili wasioze. Kufika adhuhuri barafu yote imekwisha kuwa maji, na maji yamekwisha kunywewa na mchanga. Basi tangu utoto nilidhani kuwa barafu ni kitu cha saa chache tu. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu aweza kuifanya kuwa shamba lake, akailima tangu utoto mpaka mvi, akala kwayo, akalia juu yake, tena akawafundisha wengine kuilima.

Leo nataka kuwasimulia habari za mtu wa namna hiyo. Jina lake ni Brian Orser, mwenyeji wa Kanada. Lakini siwezi kusimulia habari zake bila kuanza na aibu yangu mwenyewe, maana ndiyo iliyonifungua masikio.

Neno nililolisema

Mwaka 1988, nchi yetu ilipokuwa bado ikiitwa Zaire, nilikuwa kijana wa miaka 17, mkimbiaji wa shule yetu katika mbio za mita 1500. Siku ya mashindano ya shule za mji niliongoza tangu mwanzo. Hatua chache kabla ya utepe mwenzangu mmoja akanipita kwa kifua tu. Watu walisema, «Ah, kidogo tu!» Nami maneno hayo, «kidogo tu», yaliniuma kuliko kama ningalikuwa wa mwisho. Nilirudi nyumbani bila kumuaga mtu. Viatu vya mbio, ambavyo baba alivinunua kwa taabu, nikampa mtoto wa jirani. Sikukimbia tena.

Miaka ikapita, nikawa mwalimu, nikakabidhiwa mazoezi ya viungo. Wakubwa wangu walinisifu kwa bidii. Kumbe ndani ya bidii ile mlikuwa na kidonda cha zamani ambacho hakuna aliyekiona, hata mimi mwenyewe sikukiona.

Katika shule yetu alikuwapo kijana mmoja, ambaye sitamtaja jina, mtoto wa mjane auzaye ndagala. Miguu yake ilikuwa miepesi, na moyo wake mtulivu. Nilimfanyisha mazoezi kila alfajiri kwenye barabara ya kandokando ya ziwa, hata mvua inyeshe. Siku ya mashindano alipitwa mwishoni kwa kifua, vilevile kama nilivyopitwa mimi. Alinijia akihema, akitazamia maji ya kunywa. Badala ya maji nikampa neno. Nilimwambia mbele ya wenzake wote, «Umeniaibisha.»

Angalieni neno hilo, ndugu zangu. Sikusema, «Umeshindwa.» Nilisema, «Umeniaibisha.» Kijana aliinamisha kichwa, akaokota shati lake, akaenda. Tangu siku ile hakuonekana tena mazoezini.

Chuma chenye makali mawili

Miezi michache baadaye dada yangu aishiye Toronto alinialika nikapumzike kwake. Nilifika wakati wa baridi kali. Siku ya tatu binti yake, msichana wa miaka 12 ajifunzaye mchezo wa kuteleza juu ya barafu, alinishika mkono akanipeleka Nathan Phillips Square, uwanja ulio mbele ya nyumba ya serikali ya mji. Pale wakati wa baridi hugandishwa barafu, na watu wote huteleza, wazee kwa watoto.

Alinifunga viatu vya kukodi, akanieleza. Chini ya kiatu pana chuma chembamba, unene wake kama milimita 4. Katikati ya chuma hicho umechongwa mfereji mdogo kutoka mbele hata nyuma, na kwa hiyo chuma kimoja kina makali mawili, ukali wa ndani na ukali wa nje. Mtelezaji hodari hasimami juu ya yote mawili pamoja. Huegemea ukali mmoja, na ukali ule humchukua katika mstari wa mviringo. Mbele ya chuma pana meno madogo ya kuchoma barafu wakati wa kuruka. Ufundi wote wa mchezo huu, pamoja na uzuri wake wote, hutoka katika makali hayo mawili na meno hayo machache.

Nilishika ukingo kama mtoto ashikavyo kanga ya mama yake. Nikajitia ushujaa, nikamwambia, «Mwanangu, wahenga walisema, kuteleza si kuanguka.» Sikumaliza maneno, nikaanguka chali. Mpwa wangu alicheka mpaka machozi, akasema, «Mjomba, hapa ni yote mawili!»

Jioni, mgongo ukiniuma, nilikaa karibu naye mbele ya kompyuta. Alinionyesha mabingwa anaowapenda. Kila mara bingwa alipomaliza na kuketi kusubiri alama zake, nilimwona pembeni yake mzungu mmoja mwenye mvi na uso mpole. Nikauliza, «Nani huyu?» Akanijibu, «Ni mwalimu wao, Mjomba. Naye zamani alikuwa bingwa, lakini hakupata dhahabu ya Olimpiki. Alishindwa kidogo tu.»

Maneno yale, «kidogo tu», yalinishtua. Nikamwomba anieleze yote, na usiku ule hatukulala mapema.

Mtoto wa Penetanguishene

Brian Orser alizaliwa tarehe 18 Desemba 1961 katika mji wa Belleville, jimbo la Ontario. Alikulia Penetanguishene, mji mdogo kando ya ghuba ya ziwa Huron. Ni mtoto wa ziwa kama mimi, ila ziwa lao huganda. Mwalimu wake alikuwa Doug Leigh, aliyemfundisha huko Orillia. Kutoka mwaka 1981 hata 1988 alikuwa bingwa wa Kanada mfululizo, mara nane.

Watu walimjua hasa kwa mruko mmoja. Katika mchezo huu mtelezaji huanza miruko mikubwa karibu yote akienda kinyumenyume. Mmoja tu huanza akitazama mbele, nao ni mruko wa Axel, uitwao hivyo kwa jina la Axel Paulsen, mtu wa Norwei aliyeuonyesha mwaka 1882. Kwa kuwa mtelezaji huuanza kwa kwenda mbele na kuumaliza kwa kwenda nyuma, nusu ya mzunguko huongezeka. Kwa hiyo Axel ya mizunguko mitatu kwa kweli ni mizunguko mitatu na nusu, na yote hutimia angani kwa muda usiofika sekunde moja. Mkanada mwenzake, Vern Taylor, aliutimiza mara ya kwanza katika mashindano ya dunia mwaka 1978. Orser aliufanya kuwa silaha yake ya daima, na mwaka 1984 akawa mtu wa kwanza kuutimiza katika michezo ya Olimpiki.

Mwandiko juu ya barafu

Hata hivyo, siku hizo kuruka peke yake hakukutosha. Ninyi wanafunzi mtalielewa jambo hili upesi. Kabla ya kucheza kwa muziki, kila mtelezaji alipaswa kuchora juu ya barafu safi maumbo ya duara, mfano wa namba 8, kwa mguu mmoja. Kisha alirudia juu ya mstari ule ule mara ya pili na ya tatu. Waamuzi waliinama na kuutazama mstari kama mwalimu anavyotazama daftari la mwandiko: je, duara ni sawa? je, mistari imelaliana? je, ukali wa chuma umebadilishwa mahali pake? Ilikuwa kazi ya ukimya na subira, na watazamaji walikuwa wachache. Mpaka mwaka 1988 ilibeba asilimia 30 ya hesabu yote. Baada ya msimu wa 1990 ilifutwa katika mashindano makubwa ya dunia.

Hapo ndipo palipokuwa na udhaifu wa Orser. Katika Olimpiki ya Sarajevo, Februari 1984, alikuwa wa saba katika michoro. Kisha akashinda onyesho fupi, tena akashinda onyesho refu. Lakini aliyekosea mwandiko asubuhi hakuweza kumfikia aliyeandika vizuri. Dhahabu ilikwenda kwa Scott Hamilton wa Marekani, na Orser akapata nishani ya fedha.

Je, alivunjika moyo? Alirudi kwenye daftari. Katika mashindano ya dunia alipata fedha mwaka 1984, fedha tena mwaka 1985, na fedha tena mwaka 1986. Mwaka 1987, huko Cincinnati, katika nchi ya mshindani wake mkubwa Brian Boitano, mwishowe akawa bingwa wa dunia.

Usiku wa Calgary

Olimpiki iliyofuata ilifanyika Calgary, nchini Kanada kwenyewe, Februari 1988. Hapo yafaa mjue jambo moja. Kanada ilipokuwa mwenyeji wa Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, haikupata hata nishani moja ya dhahabu. Basi taifa zima lilimtazama kijana mmoja. Siku ya ufunguzi yeye ndiye aliyepewa bendera aichukue mbele ya wenzake. Waandishi wa magazeti waliyaita mashindano yale vita vya akina Brian wawili.

Katika michoro Boitano alikuwa wa pili na Orser wa tatu. Katika onyesho fupi Orser alikuwa wa kwanza na Boitano wa pili. Kwa hiyo yote yalibaki kwa onyesho refu, tarehe 20 Februari. Boitano alitangulia, akacheza bila kosa kubwa. Kisha akaingia Orser, amevaa nguo nyekundu, na uwanja wote ukanguruma.

Mpwa wangu alinionyesha filamu ya usiku ule. Nilijua mwisho wake, hata hivyo moyo ulinidunda. Orser aliruka Axel yake ya mizunguko mitatu, akatua vizuri. Baadaye, katika mruko mwingine, mguu ulimponyoka kidogo wakati wa kutua. Hakuanguka. Mtu asiyejua mchezo asingeona kitu. Kuelekea mwisho, mahali alipokusudia kuruka Axel kubwa mara ya pili, akaipunguza ikawa ya mizunguko miwili. Alipomaliza watu walisimama na kumshangilia.

Waamuzi walikuwa tisa. Watano walimweka Boitano mbele, wanne walimweka Orser. Mtu mmoja tu angaligeuza maoni yake, dhahabu ingalihama. Orser akapanda jukwaani nchini kwake, mbele ya watu wake, akapokea nishani ya pili ya fedha. Na Kanada ilimaliza michezo ile bila dhahabu hata moja.

Niliisimamisha filamu hapo, nikatoka kwenda dirishani. Theluji ilikuwa ikianguka polepole juu ya magari. Nilikumbuka kuwa mwaka ule ule 1988 nami nilipitwa kwa kifua. Nilikumbuka viatu vyangu mikononi mwa mtoto wa jirani. Dada yangu akaniuliza, «Kaka, wafikiri nini?» Nikamwambia, «Nafikiri habari za viatu.» Naye, kwa kuwa alikuwapo nyumbani siku ile ya zamani, hakuuliza zaidi.

Upande wa pili wa ukingo

Orser hakuwapa wengine viatu vyake. Mwezi wa Machi 1988 alikwenda Budapest kwenye mashindano ya dunia, akawa wa pili tena. Kisha akaacha mashindano, akawa mtelezaji wa maonyesho kwa miaka mingi. Tena, jambo lililonigusa, alikubali kucheza katika filamu moja na Boitano, yule yule aliyemshinda, pamoja na bibi Katarina Witt wa Ujerumani. Filamu hiyo, Carmen on Ice, ilitoka mwaka 1990, na wote watatu walitunukiwa tuzo ya Emmy kwa ajili yake.

Mwaka 2006 alifika Toronto msichana wa Korea mwenye miaka 15, jina lake Yuna Kim. Alikuja kwa ajili ya kutungiwa onyesho na mtunzi David Wilson. Orser alikuwa amekubali kuongoza mafundisho ya barafu katika chama kiitwacho Toronto Cricket, Skating and Curling Club, pamoja na bibi Tracy Wilson, aliyepata nishani ya shaba katika dansi huko Calgary. Alikuwa bado mgeni katika kazi ya kufundisha. Msichana yule akawa mwanafunzi wake, na mwaka 2007 Orser akawa mwalimu wake wa daima. Mwaka 2009, mjini Los Angeles, Yuna Kim akawa bingwa wa dunia.

Kisha ikaja Februari 2010. Olimpiki ilirudi tena Kanada, safari hii katika mji wa Vancouver. Ilikuwa miaka 22 tangu usiku ule wa Calgary. Orser alikuwa tena ndani ya kiwanja cha barafu cha Olimpiki, nchini mwake, lakini upande wa pili wa ukingo. Msichana aliingia. Kamera moja ilimwelekea mwalimu, nami nawaambieni, hiyo ndiyo picha niliyoiomba irudiwe mara nyingi kuliko zote. Kila msichana alipojitayarisha kuruka, mwalimu alikunja magoti. Aliporuka, naye akaruka, huku mikono ameikaza. Alipotua, naye akatua. Mtu mzima mwenye suti alirukaruka ukingoni kama mtoto!

Msichana hakukosa hata mruko mmoja. Alipata alama 150.06 katika onyesho refu, na 228.56 kwa jumla, rekodi ya dunia ya siku zile. Aliyemfuata, Mao Asada wa Japani, alikuwa na 205.50. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Korea katika mchezo huo. Safari hii hapakuwa na «kidogo tu».

Mpwa wangu akasema, «Umeona, Mjomba? Hatimaye alipata dhahabu yake.»

Makoti mawili

Neno la mpwa wangu lilikuwa tamu, nami nilitaka kulikubali. Lakini usiku nilipolala lilinikosesha usingizi. Dhahabu ile ilikuwa ya nani? Ilikuwa shingoni mwa msichana. Yeye ndiye aliyeanguka maelfu ya mara kwenye mazoezi, yeye ndiye aliyeingia peke yake katikati ya barafu. Kama mwalimu angalimfundisha ili kuponya kidonda cha Calgary, basi siku ambapo msichana angalikosea, mwalimu angalimwambia nini? Angalimwambia neno lile lile nililolisema mimi.

Asubuhi nilimwuliza mpwa wangu, «Baada ya Vancouver ikawaje?» Akaniambia kuwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule wa 2010 Yuna Kim na mwalimu wake waliachana, na habari zikajaa magazetini. Mtu aliyejitafutia dawa yake angalisema, «Nimepata nilichotaka, tena nimeachwa, basi.» Orser alirudi kwenye kiwanja chake.

Mwaka 2011 alimpokea Javier Fernández wa Hispania. Mwaka 2012 alimpokea Yuzuru Hanyu wa Japani, kijana wa Sendai ambaye tarehe 11 Machi 2011 alikuwa mazoezini tetemeko kubwa la nchi lilipotikisa kiwanja chake, akakimbia nje akiwa bado na viatu vya barafu miguuni. Vijana wawili hao walikuwa wakiwania nishani moja. Basi fikirini, enyi wazazi na walimu: kila furaha ya mmoja ilikuwa huzuni ya mwingine, na mwalimu alikuwa mmoja.

Katika Olimpiki ya Sochi, Februari 2014, Hanyu alianguka mara mbili katika onyesho refu, lakini wenzake nao walikosea, akapata dhahabu. Fernández akawa wa nne. Alikosa shaba kwa alama moja na kitu. «Kidogo tu!» Usiku mmoja mwalimu alikuwa na kijana wa kupongeza na kijana wa kufariji. Watazamaji walimwona katika mashindano akivaa koti la Japani anapoketi na Hanyu, kisha analivua na kuvaa koti la Hispania anapoketi na Fernández. Wengine walicheka. Mimi sikucheka. Niliona kuwa mtu huyu amejua kuvua koti lake mwenyewe, lile la Calgary, kabla ya kuvaa la mwanafunzi.

Fernández hakuacha. Mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia huko Shanghai, na mwaka 2016 tena huko Boston, na mara zote mbili wa pili alikuwa Hanyu. Mwaka 2018, katika Olimpiki ya Pyeongchang, Hanyu alipata dhahabu ya pili mfululizo, jambo ambalo hakuna mwanamume aliyelifanya tangu Dick Button wa Marekani mwaka 1948 na 1952. Fernández akapata shaba, nishani ya kwanza ya Hispania katika mchezo huo wa Olimpiki. Wawili hao walikumbatiana huku wakilia.

Kuna jambo jingine la chama kile lililonipendeza. Mabingwa hawa, pamoja na watoto wasiojulikana na mtu, walikuwa wakifanya zoezi moja pamoja: kusukuma barafu kwa ukali wa ndani, kwa ukali wa nje, kwenda mbele, kwenda nyuma, kundi zima, huku Tracy Wilson akiwaongoza. Bingwa wa Olimpiki alirudia herufi za kwanza pamoja na wanafunzi wa chini. Michoro ya duara ilifutwa katika mashindano, lakini ukali wa chuma haukufutwa. Mtu aliyekosa dhahabu ya Sarajevo kwa ajili ya mwandiko amewafundisha wanafunzi wake kuupenda mwandiko.

Hodi kwa mama mjane

Nilirudi Kalemie mwezi wa tatu. Siku ya pili, kabla ya kwenda shuleni, nilikwenda mpaka nyumba ya yule mjane. Nikabisha, «Hodi!» Akaitika, «Karibu, Mwalimu.» Alikuwa akitandaza ndagala juani. Kijana wake alikuwa ameketi kivulini akishona wavu. Aliponiona alisimama kwa heshima, lakini macho aliyaelekeza chini.

Njiani nilikuwa nimejitungia maneno mengi. Pale yakanitoka yote. Nikasema, «Mama, nimekuja kumwomba mwanao radhi, tena mbele yako, kwa maana nilimkosea mbele ya watu.» Kisha nikamgeukia kijana, «Mwanangu, siku ile hukuniaibisha. Ulikimbia vizuri kuliko nilivyokimbia mimi zamani. Mimi nilipitwa kama wewe, nikawapa watu viatu vyangu, nikataka wewe unirudishie. Hilo halikuwa deni lako.»

Mama alinyamaza kwanza. Halafu akasema, «Mwalimu, mtoto huyu hakutuambia neno. Alisema tu kwamba mguu unamwuma.» Nilisikia haya kuliko siku zote. Kijana alikuwa amenisitiri nyumbani kwao, mimi niliyemfedhehesha uwanjani.

Sikumwomba arudi. Nilimwambia saa ya mazoezi haijabadilika, nikaaga.

Wiki ya kwanza hakuja. Wiki ya pili nilimwona asubuhi moja amesimama mbali, karibu na mitumbwi, akiwatazama wenzake. Wiki ya tatu alikuja akiwa ameshika viatu mkononi. Hakusema kitu, nami sikusema kitu. Nilimwonyesha kundi la watoto wa darasa la chini waliokuwa wakijifunza kunyanyua magoti, nikamwambia, «Tuanze hapa, wote pamoja.» Akajipanga katikati yao, yeye mrefu na wao wafupi. Nami nikavua viatu vyangu, nikajipanga mwishoni mwa mstari. Tangu mwaka 1988 sikuwa nimefanya hivyo. Watoto walinicheka sana, na sikuona ubaya.

Sijui kama kijana huyo atakuwa bingwa. Wala sitamwuliza. Akishinda, nishani itakuwa yake. Akipitwa kwa kifua, nitakuwapo ukingoni na chupa ya maji.

Basi, enyi walimu na wazazi, mtoto wenu akirudi na «kidogo tu» mkononi, iwe katika mbio au katika mtihani, mjiulize kwanza: je, ninayemwona mbele yangu ni yeye, au ni mimi wa zamani? Nanyi wanafunzi, msiwape wengine viatu vyenu upesi. Brian Orser alirudi na fedha mara mbili, na baada ya hapo kazi yake kubwa ilikuwa bado mbele.